Mama wa Mhadhara wa Saba

Kitinda hakubisha hodi. Alisukuma mlango wa chumba cha utafiti kwa bega, akasimama katikati ya vile viti vidogo vya watoto, daftari amelikumbatia kifuani kama mtu anayeficha doa kwenye nguo.

Dada yake alikuwa na visikizi masikioni, akiandika neno kwa neno maelezo ya mtoto wa miaka sita. Ndiyo iliyokuwa kazi yake katika idara ya saikolojia, kuchunguza jinsi watoto wanavyokumbuka mambo. Mtu mzima anaingia chumbani, anaangusha kikombe mbele ya mtoto, anaomba radhi, anatoka. Wiki moja baadaye mtoto anaulizwa kilichotokea, na bila nia yoyote ya kudanganya anasema yule mtu alikuwa na fimbo.

"Una kipindi saa hizi," alisema akivua visikizi. "Umetoroka?"

"Kimeisha." Kitinda hakukaa. "Dada, nikuulize kitu. Mama aliwahi kuwa na wazimu?"

"Nani kakwambia maneno hayo?"

Kitinda alifungua daftari, akaliweka juu ya meza, akageuka kutazama dirishani. Alikuwa mwaka wa pili, akisomea ualimu, na somo moja la saikolojia ni lazima kwa kila anayetaka kuwa mwalimu. Mwandiko wake ulikuwa wa duara, safi, wa mtu asiyependa kukosa neno la mhadhiri.

*Mhadhara wa saba. Majonzi yasiyokwisha. Mfano: mama mmoja. Mtoto wake wa kiume kafariki akiwa kidato cha mwisho. Miaka miwili, kila Jumapili jioni, anaitia wanga sare ya marehemu, anaipiga pasi, anaitundika mlangoni, anachomeka kalamu kwenye mfu*

Neno la mwisho lilikatika hapo.

"Nilikuwa naandika kama wenzangu," Kitinda alisema, bado akiwa amempa mgongo. "Hata nilikuwa namwonea huruma huyo mama. Nilipofika kwenye kalamu, nikaikumbuka sare ya kaka mlangoni, mkono ukagoma."

"Mhadhiri wenu si yule mama mwenye miwani?"

"Anaumwa. Wiki hii wametuunganisha na kundi la shemeji."

Neno shemeji lilianguka chumbani kama kile kikombe cha utafiti. Zilikuwa zimebaki wiki sita tu kufika harusi ya dada naye.

"Alikuona?"

"Tulikuwa watu mia mbili na zaidi, nami nilikaa nyuma. Hakuniona." Kitinda alijifuta pua kwa mkono wa nguo. "Kijana mmoja akauliza, huyo mama alipona? Shemeji akafikiri, unajua anavyofikiri, mpaka watu wanakohoa. Halafu akasema, wengine hawaponi, hujifunza kuficha tu. Na mimi nikajiuliza, dada. Mama anayeniamsha kila asubuhi, kumbe anaficha?"

"Watu walicheka?"

"Wawili watatu. Waliobaki walisema maskini. Heri wangecheka wote."

*

Wanafunzi walimwita shemeji huyo Daktari Polepole. Si kwamba alikuwa mzembe. Ni kwamba aliongea kama mtu anayevuka mto kwa mawe, halikanyagi neno mpaka ajue halitamtupa. Hicho ndicho kilichompendeza dada yake Kitinda. Katika familia yake kila mtu alizungumza juu ya mwenzake, na huyu alikuwa mwanaume wa kwanza kunyamaza mpaka yeye amalize.

Mjomba wake hakumtaka tangu siku ya kutambulishwa. "Mwanaume ambaye kazi yake ni kusikiliza siri za watu," alisema, "unamkaribisha nyumbani umpe na kiti?" Mama ndiye aliyemtetea. "Bora huyu anayesikiliza. Wewe mke wako mwaka wa ishirini huu anazungumza na ukuta."

Dada alimkuta ofisini, ghorofa ya pili, akisahihisha mitihani. Alipomwona mlangoni uso wake ulifunguka, kama ulivyofunguka kila mara kwa mwaka mzima na nusu. Moyo wa mwanamke ukamsaliti kwa kudunda kama kawaida yake. Aliuchukia kwa hilo.

"Mbona mapema leo?" alisema, akiondoa rundo la karatasi kwenye kiti cha pili. "Kaa. Umekula?"

"Leo umefundisha nini?"

"Majonzi." Akatabasamu. Kisha tabasamu likaanza kumtoka kidogo kidogo, kama maji yanavyozama mchangani. "Kwa nini?"

"Mdogo wangu alikuwa darasani."

Polepole aliivua miwani. Huko nyuma, alasiri moja ya mvua, katika ofisi hiihii, alikuwa ameivua hivyohivyo. Walikuwa wakingoja mvua ikatike. Dada alianza kusimulia jambo dogo tu, habari za shule ya bweni, akajikuta amefika kwa kaka yake aliyekufa na mama aliyempigia pasi sare. Hakuwahi kumwambia mtu. Alilia mpaka akaona haya, na Polepole hakusema pole wala hakusema usilie. Aliivua miwani akaishika mkononi, kana kwamba hakutaka kioo kikae kati yao. Siku ile ndipo alipojua kwamba huyu ndiye.

"Nilibadilisha mambo," alisema sasa. "Nilisema mama huyo ana watoto wengine wanne. Nilisema ni mji mwingine."

"Ukaacha wanga. Ukaacha na kalamu mfukoni."

"Ndiyo."

"Kwa nini uliviacha?"

Alikaa kimya, na kwa mara ya kwanza ukimya wake haukumpendeza. "Kwa sababu bila hivyo ni nadharia tu," alisema hatimaye. "Wanalala. Nimefundisha mhadhara ule miaka minane wanalala. Nikisema kalamu, kila mtu anainua kichwa."

"Kwa hiyo mama yangu anakusaidia kuwaamsha wanafunzi."

"Sikusema hivyo."

"Umesema hivyo hivyo, kwa adabu." Alisimama nyuma ya kiti alichotengewa, akakishika mgongo. "Unajua mimi mtoto wa miaka sita siwezi kumuuliza kikombe kilikuwa rangi gani bila sahihi ya mzazi wake? Wewe ndiye uliyekaa kwenye kamati ya maadili ukanirudishia fomu zangu mara mbili kwa sababu ridhaa haikuwa wazi. Mama yangu ulimwomba sahihi lini?"

"Sikumwomba."

"Na mimi?"

"Wewe ulinipa," alisema, kisha akaona uso wake, akajisahihisha. "Ulinisimulia. Si kitu kimoja. Najua."

Nje, wanafunzi walipita wakicheka. Dada aliitazama mikono yake, ile mikono iliyokuwa ikimfungia zipu ya koti kila jioni kwenye kituo cha basi. Akatamani aishike, na akatamani pia isiwe imemgusa kamwe.

"Niambie kama ni mara ya kwanza," alisema.

"Ni mara ya kwanza darasani."

"Darasani?"

Polepole aliweka kalamu nyekundu chini. "Ipo kwenye makala. Niliipeleka kwenye jarida miezi mitatu iliyopita. Imekubaliwa. Nilitaka kukwambia, kila siku nikasema kesho."

Makala ile ilikuwa ya kumpandisha cheo. Walikuwa wameisherehekea wao wawili. Yeye mwenyewe alimnunulia tai. Kumbe alikuwa akishangilia mama yake kuanikwa kama nguo.

"Ungeweza kuninyamazia hilo," alisema kwa sauti ndogo. "Nisingejua."

"Nisingeweza kukuoa nikiwa nalo."

"Basi shida yako ni nyepesi, maana hunioi." Alipofika mlangoni aligeuka. "Na usinifuate. Ukinifuata nitakusamehe, na sitaki kukusamehe leo."

Hakumfuata. Hilo nalo lilimuuma.

*

Kitinda hakuwa mtu wa kutunza jambo tumboni. Jioni ileile mama yake alimuuliza kwa nini hali chakula, naye akalia, akasema yote. Mama alikuwa mshonaji. Alikuwa amekaa kwenye cherehani akimalizia nguo ya Kitinda ya kuvaa harusini. Alisikiliza bila kuondoa mguu kwenye pedali.

"Alinitaja jina?" aliuliza.

"Hapana, mama."

"Basi mwambie aje Jumamosi mchana. Asibebe kitu."

Binti mkubwa alikataa. Alisema hataki kumwona, na mama hana sababu ya kumwona. Mama alikata uzi kwa meno. "Hadithi ni yangu au yako?" Yakaishia hapo.

Jumamosi Mjomba alifika wa kwanza, bila kualikwa, akachagua kiti kinachotazama mlango. Polepole alifika saa nane kamili, shati jeupe, mikono mitupu kama alivyoagizwa. Alimwamkia mama, akamwamkia Mjomba. Mama aliitikia. Mjomba aliitikia kwa pua. Binti alisimama kwenye mlango wa jikoni pamoja na Kitinda, na macho yake na ya Polepole yakakutana mara moja tu. Alikuwa amekonda ndani ya siku tano. Hakutaka kuliona hilo, akaliona.

"Mama, nimekuja kuomba radhi," Polepole alianza.

"Radhi ngoja." Mama alikunja kitambaa alichokuwa akipinda, akakiweka mapajani. "Kwanza nisimulie."

"Nikusimulie nini, mama?"

"Ulivyowasimulia wao. Hivyohivyo, usipunguze. Watu mia mbili wamenisikia, mimi sijajisikia."

"Dada, huyu mtu afukuzwe, siyo apewe nafasi ya kurudia," Mjomba alisema.

"Kaka, ukitaka kuondoka mlango hauna kufuli."

Mjomba alibaki.

Polepole aliivua miwani. Akasimulia. Aliongea akitazama sakafu, na sauti yake, ile ya jiwe hadi jiwe, ilitetemeka alipofika kwenye wanga. Alisema kulikuwa na mama mmoja. Alisema kuhusu pasi, na mlango, na kalamu. Alisema mama huyo hakuweza kukubali kwamba mwanawe hayupo, na kila Jumapili akili yake ilimrudisha siku ya kabla ya msiba. Alisema hata swali la yule kijana, na jibu alilompa. Alipomaliza, jasho lilikuwa limemlowesha kola.

Mama alitikisa kichwa, si kwa hasira. Alitikisa kama anavyotikisa mshonaji akiona mkono wa shati umeshonwa upande usio wake.

"Umesimulia vizuri," alisema. "Ila siyo mimi."

Chumba kizima kilimtazama.

"Mimi mwanangu nilimwosha kwa mikono hii. Nilijua amekufa kabla daktari hajasema. Sikuwahi kumngoja hata siku moja." Alinyamaza akitafuta pa kuanzia. "Aliyekuwa anamngoja ni baba yao."

Binti alihisi Kitinda amemshika kiwiko. Baba yao alifariki miaka minne iliyopita, fundi mkuu wa mitambo ya maji, mtu wa kunyoosha mgongo, ambaye mji mzima ulimwamkia kwa heshima. Hakuna mtu aliyewahi kumwona akilia, hata makaburini.

"Wiki ya pili baada ya mazishi ya kijana," mama aliendelea, "akaamka Jumatatu akavaa, nikajua anaenda kazini. Saa tano mlinzi wa shule akanirudishia mume wangu kwa mkono, kama mtoto aliyepotea. Alikuwa amekaa getini anauliza kidato cha mwisho wanatoka saa ngapi. Kwa sababu asubuhi hakuiona sare mlangoni. Unaelewa? Sare haipo, basi kijana ameshaondoka, basi yuko shuleni. Akaenda kumfuata."

"Mama," binti alisema.

"Jumapili iliyofuata nikaipiga pasi, nikaitundika. Nikaweka na kalamu, maana marehemu alikuwa haondoki bila kalamu mfukoni, na baba yake alikuwa na macho. Jumatatu akaamka, akaiona. Kijana bado amelala. Akanywa chai yake, akaenda kazini kama mtu. Jioni akirudi, akili nayo imesharudi, anajua mtoto hayupo, tunakaa tunalia wote. Ilikuwa asubuhi tu. Asubuhi ndiyo iliyokuwa inampotea."

"Miaka miwili?" Mjomba aliuliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Miaka miwili. Wewe ndiye uliyeniambia nikaombewe, kaka. Majirani waliniita mwehu. Nikasema sawa. Mimi ni mshonaji, mwehu anaweza kushona. Lakini nani angempa mwehu funguo za maji ya mji mzima? Nikaacha waniite mimi, yeye abaki mtu mzima mbele ya watu na mbele ya watoto wake."

Polepole alikuwa ameinua macho, na hayakuwa macho ya mhadhiri. "Iliishaje?" aliuliza, kisha akainama. "Samahani, mama. Sina haki ya kuuliza."

"Huna. Lakini nitakwambia." Mama alilainisha kitambaa kwa kiganja. "Asubuhi moja aliitoa sare mlangoni yeye mwenyewe, akaikunja, akanipa. Akasema, 'Mke wangu, umepiga pasi vya kutosha.' Akaenda kazini. Sijui alikuwa amejua tangu lini. Sikumuuliza. Pengine miezi yote ile na yeye alikuwa ananiachia mimi nipige pasi, kwa kuwa aliona nahitaji. Hayo mwandike nyinyi wasomi. Mimi sijui."

Kitinda alikuwa analia bila sauti. Mjomba alivua kofia, akaishika, hakujua aipeleke wapi.

"Makala nitaiondoa," Polepole alisema. "Jumatatu nawaandikia. Na darasani nitawaambia nilisema nisichokijua, na nilisema bila ruhusa."

"Hiyo ni kazi yako," mama alisema. "Radhi yako nimeipokea kwa upande wangu. Kwa upande wa binti yangu, mimi si msemaji wake."

*

Binti alimsindikiza hadi nje. Hakutaka, lakini miguu ilikwenda. Walisimama kwenye kivuli cha ukuta wa jirani, wameachana hatua mbili, na hatua zile zilikuwa ndefu.

"Ukiondoa makala, cheo je?" aliuliza.

"Kitangoja miaka miwili, mitatu. Labda kisije."

"Usiiondoe ili unioe."

"Naiondoa kwa sababu ni uongo. Na ingekuwa kweli ningeiondoa kwa sababu si yangu. Wewe je? Nimekukosea kuliko nilivyomkosea mama."

Ndilo lililokuwa likimtafuna tangu alipokuwa mlangoni mwa jikoni. Angeweza kumtupia yote yeye, ingekuwa rahisi. "Wewe ulisema ulichosikia kwangu," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kumfanya mama mwehu. Nilikuwa bweni, nikija likizo naona pasi, naona sare, nikajijazia vilivyobaki. Miaka kumi na mitano nimetembea na hadithi hiyo, nikakupa wewe kama kitu cha thamani. Kumbe nilikupa kitu nisichokijua."

"Ulikuwa na miaka kumi na mitano tu."

"Usinitetee. Bado nina hasira na wewe."

Polepole alikaribia kucheka, akajizuia. Akanyoosha mkono, akausimamisha njiani. Yeye aliutazama ule mkono uliosimama hewani. Mwili wake wote ulitaka kuufikia, na hakuufikia.

"Wiki sita hazitoshi," alisema. "Kadi zirudi. Nitawaambia watu mwenyewe."

"Mpaka lini?"

"Sijui. Mpaka nikikwambia jambo nisijiulize utalipeleka wapi. Juzi usiku nililia, nikataka kukupigia nikwambie nalia, nikajiuliza huyu ataniweka mhadhara wa ngapi."

Neno hilo lilimpiga. Alilipokea bila kujitetea, kichwa chini, na kwa sababu hakujitetea yeye akampenda, na kwa sababu alimpenda ikamuuma zaidi.

"Nitakungoja," Polepole alisema.

"Usiningoje. Mtu akingojwa anakuwa deni. Endelea na kazi yako, na mimi niendelee na yangu. Siku nikiweza, najua ofisi ilipo."

Akavaa miwani, akaondoka. Alitembea kama anavyozungumza. Hakugeuka, na yeye alibaki pale mpaka shati jeupe likapinda kona.

Ndani, Mjomba alikuwa ameaga kwa kupitia mlango wa nyuma. Kitinda alikuwa amelala, au amejifanya. Mama alikuwa peke yake kwenye kochi, mikono mitupu mapajani, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

"Ameondoka?"

"Ameondoka."

"Umemwacha?"

"Harusi nimeisimamisha. Yeye sijui kama nimemwacha."

Mama aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa kipimo cha kitambaa. Kisha akasema, "Unajua, yule ana kasoro ya mdomo, lakini masikio anayo. Nilipokuwa naongea nilisahau kama kuna watu. Kuna mengine ya baba yenu sijawahi kumwambia mtu. Nilidhani nimeyazika naye. Leo naona yanataka kutoka."

"Unataka nimwite arudi akusikilize?" Hakukusudia sauti yake iwe kali.

"Sijasema hivyo."

"Kwa nini hukuwahi kuniambia mimi, mama?"

Mama alimtazama binti yake, msomi wa kumbukumbu za watu, anayekaa kutwa na watoto wa wenzake akiwauliza kilichotokea. Hakukuwa na lawama machoni mwake, ila uchovu wa muda mrefu.

"Hukuniuliza," alisema.

Binti alivua viatu. Alikaa kwenye mkeka, chini, karibu na magoti ya mama yake, jinsi ambavyo hakuwahi kukaa tangu alipokuwa mdogo.

"Basi leo nakuuliza," alisema. "Na sitamwambia mtu."

Mama aliweka mkono juu ya kichwa chake.

"Baba yako," mama alianza, "alikuwa anaogopa giza."